Maongezi ya Wodi ya Wazazi, Sehemu ya 7: Uzi Si Uzi Tu

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona. Wiki iliyopita tuliongelea kuchanika wakati wa kujifungua, na swali lililojirudia ni moja: "Nesi, zile nyuzi zinayeyukaje?" Nilitaka kujibu kwa mistari miwili nikaona hapana, hili lina uzito wake. Kaa vizuri, mnyonyeshe mtoto, tuongee.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku. Mama wa uzao wa kwanza, mtoto katoka salama, analia vizuri, ila mama kachanika. Nafungua kabati, uzi wa kuyeyuka umeisha. Ikabidi mumewe atumwe duka la dawa, usiku ule, mvua inanyesha. Akarudi kalowa chapachapa, mkononi ana pakiti ya nailoni yenye sindano ya kushonea ngozi. Nilipomwambia hii haifai, akaniangalia kwa uchovu: "Sista, kwani uzi si uzi tu?"

Sikumlaumu, nani aliwahi kumfundisha? Bahati nzuri damu haikuwa nyingi. Tukagandamiza kidonda kwa shashi safi mpaka mwenzangu alipopata pakiti sahihi kituo cha jirani. Karibu saa mbili yule mama alilala pale, mtoto kifuani, anasubiri uzi. Alipona. Lakini swali la mumewe sikulisahau, na leo namjibu.

Tuanze na sindano. Ile ya cherehani unaijua, ina tundu, uzi unapita na kurudi mara mbili. Ukimshona mtu kwa sindano ya tundu, ule uzi uliokunjwa unapita mara mbili kwenye nyama na kuacha tundu kubwa. Ndiyo maana sindano za sasa hazina tundu. Kiwandani wanachukua waya wa chuma kisichoshika kutu, wanaukata, wananoa ncha, wanaukunja kama mwezi mchanga, kisha mkiani wanatoboa kishimo chembamba. Uzi unaingizwa humo na chuma kinaminywa kuukamata. Sindano na uzi vinakuwa kitu kimoja, na vinapita kwenye mwili kwa njia moja tu.

Ncha nazo si sawa. Ngozi ni ngumu, inahitaji ncha yenye makali kama kisu. Nyama laini za ndani zinahitaji ncha ya mviringo, inayosogeza nyama bila kuikata. Ile aliyoleta baba yule ilikuwa ya makali. Ndani pale ingeweza kuchana zaidi.

Sasa uzi. Wa zamani unaitwa katiguti, na licha ya jina lake la Kizungu hauhusiani na paka. Unatengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Mwili unauona ni mgeni, unaushambulia mpaka uishe, na mashambulizi hayo ndiyo uvimbe na maumivu. Kuanzia miaka ya 1970 zikaingia nyuzi za kutengenezwa, kama poliglaktini. Malighafi yake inayeyushwa, inavutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinasukwa pamoja kama tunavyosuka nywele, halafu zinapakwa utelezi. Hizi zinavunjwa taratibu na maji ya mwilini. Ipo aina ya kawaida inayoisha kwa takriban wiki nane hadi kumi, na ipo ya haraka inayoisha kwa wiki sita hivi. Tafiti zimelinganisha, na mama walioshonwa kwa nyuzi hizi walipata maumivu kidogo siku za mwanzo kuliko wa katiguti. Nailoni haiyeyuki kabisa. Lazima mtu aje kuitoa.

Umeona neno "maji" hapo juu? Ndiyo sababu pakiti ya ndani ni ya foili, imefungwa ikiwa kavu na kuuliwa vijidudu. Ikitoboka, unyevu unaingia na uzi unaanza kuchoka kabla haujamgusa mama. Maboksi mengi yameandikwa yasiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi joto 25. Sasa niambie, pakiti iliyoshinda dirishani Dar es Salaam mwezi wa pili iko katika hali gani?

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wenzangu hawataupenda: mama ana haki ya kujua anashonwa na nini. Wapo wanaosema tusiwabebeshe wazazi mambo ya kitaalamu, watatusumbua na maswali. Mimi nasema swali la nusu dakika si usumbufu. Usumbufu ni mama kushindwa kukaa chini amnyonyeshe mwanawe. Na kwa wanaopanga manunuzi: uzi wa bei ndogo si rahisi kama anayelipa tofauti ni mama, kwa maumivu. Uzi wa kuyeyuka usiwe kitu cha kukumbukwa kabati likiwa tupu saa nane za usiku.

Basi ufanye nini?

Ukiwa kliniki, uliza mapema: "Hapa mnapozalisha, uzi wa kushonea upo, au nije nao?" Ukiambiwa uje nao, omba waandike aina ya uzi, unene wake na aina ya sindano. Kwenye pakiti utaona namba kama 2-0 au 3-0. Sifuri zikiongezeka, uzi unakuwa mwembamba zaidi. Usikisie.

Baba, ukinunua, angalia tarehe ya mwisho, angalia foili haijatoboka wala kufunguliwa, na usiiache juani kwenye gari.

Wakati wa kushonwa, una haki ya ganzi. Ukisikia maumivu makali, sema. Si uoga.

Nyumbani, vipande vya uzi vikidondoka baada ya siku kadhaa usishtuke, ni kawaida. Lakini ukiona usaha, harufu mbaya, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mshono umeachia, au huwezi kuzuia haja kubwa au hewa, rudi kituoni siku hiyohiyo. Usisubiri arobaini.

Na yule baba, kama unasoma hapa: hapana kaka yangu, uzi si uzi tu. Ila asante kwa kutoka kwenye mvua ile.

Wewe ulishonwa na uzi gani, uliambiwa? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 8 tutaongelea mshono wa upasuaji, na kwa nini tunahesabu sindano kabla na baada.