Mwalimu na Vipimo vya Kazi Yake

Mwaka 1911 Frederick Taylor wa Marekani alitoa kitabu kilichodai kwamba kila kazi yaweza kugawanywa vipande, kila kipande kikapimwa kwa saa, na mfanyakazi akaelekezwa njia moja iliyo bora ya kukitenda. Mwaka 1954 Peter Drucker aliongeza fikra nyingine: mkubwa na mdogo waafikiane malengo, kisha kazi ipimwe kwa malengo hayo. Fikra hizi zilikulia katika viwanda na makampuni, lakini leo zimo katika ofisi za walimu wakuu wetu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kipimo hakikai nje ya kazi kikiitazama tu, bali huingia ndani yake na kuibadili. Vyuo vya ualimu havina budi kulizingatia jambo hili.

Uingereza ililiona zamani. Mwaka 1862 serikali ya huko ilianza kutoa ruzuku kwa shule kwa kadiri watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Shabaha ilikuwa njema: fedha ya umma isipotee bure. Hata hivyo, masomo yasiyoleta ruzuku yalisogezwa pembeni, na watoto wakakaririshwa kitabu cha kusomea ili wamridhishe mgeni wa siku moja. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliulalamikia utaratibu huo kwa miaka mingi. Uliachwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890.

Hatusemi kwamba hapa Tanzania mambo ya kale yalikuwa mema. Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri. Mwalimu aliweza kukaa miaka bila kujua ameandikwa nini na mkuu wake. Mfumo wa wazi wa upimaji, uliojulikana kwa jina la OPRAS, ulikusudiwa kuondoa dhuluma hiyo. Mwalimu na mkuu wake walitakiwa kuketi pamoja, kupanga malengo, kuyapitia katikati ya mwaka na kuyapima mwishoni. Katika miaka ya karibuni fomu zile za karatasi zimepokewa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Kwa hiyo swali letu si kama mwalimu apimwe au asipimwe. Swali ni: apimwe kwa lipi?

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimkuta mwalimu hodari wa darasa la nne. Lengo aliloandika lilikuwa asilimia 80 ya wanafunzi wafaulu upimaji wa taifa. Aliwapanga mbele wale waliokaribia kufaulu, akawashughulikia kwa bidii. Wale wasiojua kusoma aliwakalisha nyuma, wakinakili ubao. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa unyofu kwamba hao hawangefikia alama hata wakisaidiwa mwaka mzima. Hakuwa mvivu wala mkatili. Alitenda barabara kile alichopimiwa.

Vivyo hivyo, Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013 ulihimiza shule zipangwe kwa madaraja ya ufaulu, na mbio za nafasi zikashika kasi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora, nasi tunaona lilifanya vema.

Wako watakaosema kwamba bila takwimu uzembe utatamalaki. Hoja hiyo ina uzito, kwani mtoto ambaye mwalimu wake haingii darasani anadhulumiwa. Lakini takwimu ya mwisho wa mwaka humfichua mzembe wakati mtoto amekwisha kupoteza mwaka, na mwalimu wa darasa lenye watoto 90 huonekana dhaifu kuliko mwenziwe mwenye watoto 40.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanachuo wafundishwe kuandika malengo ya kazi kama wafundishwavyo kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Lengo litaje tendo la mwalimu mwenyewe: kwa mfano, kusikiliza kila mtoto akisoma peke yake mara moja kwa juma, na kuweka kumbukumbu za maendeleo yake. Pili, mwalimu mkuu aingie darasani, akae somo zima, kisha azungumze na mwalimu kabla ya kujaza chochote. Upimaji usiokuwa na mazungumzo haya ni ile taarifa ya siri iliyovikwa nguo mpya.

Walimu wenzetu, kipimo kitaendelea kuwapo. Tukikiacha kipangwe na wasiolijua darasa, wale watoto wa nyuma wataendelea kunakili ubao.