Wenye Madaftari
Ukitaka kujua kwa nini uchumi hupaa kwenye hotuba ukabaki chini mtaani, kaa jioni kwenye kibanda cha mama lishe yeyote jijini Dar es Salaam, saa ya kurejesha mkopo. Ubwabwa haujaisha sufuriani, lakini mkusanyaji wa "kausha damu", mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, keshasimama na daftari lake, na asipolipwa leo, kesho atabeba televisheni au mtungi wa gesi. Mtaji unaliwa na riba kabla haujazaa. Mama huyo hawezi kuongeza meza wala kumwajiri msichana wa kuosha vyombo, na mwanawe, ingawa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, anakosa shule kwa sababu ya nauli. Nchi itajengwa na mtaji gani hapo? Sheria tunayo: ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Fedha nazo zipo, maana halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ajabu ni kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, na wenye madaftari wakavuna. Sasa imerudi, ila kwa masharti ya kikundi, katiba na andiko la mradi. Waheshimiwa madiwani, punguzeni mlolongo huo, na wakopeshaji wasio na leseni wafikishwe mahakamani.