Siku mbili Lubumbashi na mutoto: afazali kuchagua kidogo



Siku ya Posho iliyopita, kisha likelemba kuisha, mama mumoja alinivuta pembeni. Zamu yake ya kupokea imefika. Alikwisha kutoa makuta ya masomo, alilipa deni la duka, na kidogo kilibakia. Kwa hicho kidogo anataka kumupeleka mutoto wake wa miaka sita Lubumbashi, siku mbili tu, mbele masomo yaanze. Baba wa mutoto anafanya kazi mbali, na wakati wote wa vakansi mutoto ameuliza kila jioni baba atarudi lini. Mama akaniambia: “Ninataka naye akuwe na kitu cha kuwaelezea wenzake.” Kisha akafungua karatasi. Aliandika pale fasi tisa za kutembelea.

Nilimuomba nimujibu katika gazeti letu, kwa sababu najua si yeye peke yake. Na pia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika karatasi kama hiyo.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Siku ya kwanza Lubumbashi nilimutembeza tangu asubuhi: kwa shangazi, sokoni, kanisani, makumbusho, kisha zoo. Nilihesabu makuta niliyotoa, na nilitaka kila franka ionekane. Tulipofika makumbusho alikuwa amechoka, viatu vinamubana, akaketi chini na kulia. Watu walituangalia. Nikamupiga kofi. Leo binti yangu ana watoto wake. Mwaka jana nilimuuliza anakumbuka nini juu ya safari ile. Alisema: “Mama, nakumbuka kofi. Na nakumbuka karanga tulizokula kwenye kiti cha zoo, tukiangalia nyani.” Mambo mengine yote niliyolipia, hana hata moja.

Kwa hiyo, mama wangu, shauri la kwanza ni hili: fasi moja kwa siku, na iwe asubuhi. Mutoto wa miaka sita ana nguvu nzuri ya saa mbili ao tatu. Kisha hapo anahitaji chakula, kivuli na usingizi. Jioni ni ya kutembea polepole tu, bila kulipa kitu. Siku mbili, fasi mbili. Zile saba zingine ziachie safari nyingine.

Sasa, ni zipi mbili? Angalia mutoto wako anapenda nini, si majirani watauliza nini. Ukimuuliza mutoto “unataka kwenda wapi?” hatajua kujibu. Lakini ukimuambia “tuanze na nyama, ao tuanze na vitu vya wazee?” atachagua, na safari itakuwa yake.

Kwa mutoto wa umri huo mimi ningeanza na zoo. Usimuahidi nyama kama zile za televisheni. Zoo ya Lubumbashi ilipitia miaka migumu ya vita na njaa, na ilijengwa tena kidogo kidogo. Muambie tu: tutaenda kuona, tutakaa, tutahesabu. Mutoto hachoki kuangalia nyani wakigombana. Wewe ndiye unayetaka kupita haraka uende kwenye nyama ingine. Muache. Kama anataka kukaa nusu saa fasi moja, makuta yako hayapotei.

Na pale kuna jambo la kumufundisha. Tangu mwaka wa 2006, Lubumbashi kuna kimbilio la sokwe linaloitwa JACK, lililoanzishwa na Franck na Roxane Chantereau. Linapokea sokwe wadogo ambao wawindaji waliua mama zao ili kuwauzisha. Mwaka wa 2022 watu waliiba watatu kati yao na kuomba makuta. Mutoto wa miaka sita anaelewa vizuri sana maana ya kutenganishwa na muzazi. Muelezee kwa maneno machache kwa nini sokwe si kitu cha kununua barabarani. Kama unataka kutembelea kimbilio lenyewe, uliza kwanza kama wanapokea wageni siku hiyo.

Siku ya pili, makumbusho ya taifa, karibu na jengo la teatre. Hapa wamama wengi wanakosea kama mimi: wanataka mutoto aangalie kila kabati. Mutafutie vitu vitatu tu. Cha kwanza, misalaba ya mukuba. Muambie kwamba wazee wetu waliyeyusha mukuba katika tanuru za udongo, na misalaba hiyo ilikuwa makuta yao, hata ya kulipa mahari, mbele Wazungu wafike. Cha pili, vyungu vya Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambako watu wa zamani walizikwa pamoja na vyungu na misalaba midogo. Cha tatu, muache achague mwenyewe: kinyago, jiwe, chochote. Umupe karatasi na kalamu, akichore. Mutoto anayechora anaangalia kweli, na hiyo karatasi ndiyo atakayowaonyesha wenzake. Nawe unaweza kuituma kwa baba yake.

Jioni, mutafute fasi ambapo mutaona vizuri shimini kubwa ya Gécamines na mulima mweusi wa takataka za mukuba. Hamulipi kitu. Watoto wetu wa Likasi wamezaliwa katika familia za kazi hiyo. Babu wa huyo mutoto alifanya kazi Shituru miaka mingi. Muambie: “Mukuba wa misalaba ile na mukuba wa shimini hii ni uleule, na babu yako alikula kwa kazi hiyo.” Hapo safari inaingia ndani ya nyumba yenu, haibakii matembezi tu.

Kwenye karatasi ya mama niliona pia maporomoko ya Lofoi. Ni kweli, ni mazuri sana, maji yanaanguka zaidi ya metre 300. Lakini yako katika hifadhi ya Kundelungu, mbali na muji, na njia ni ngumu. Si safari ya siku mbili na mutoto mudogo. Ziwa Kipopo nalo ni fasi nzuri ya kupumzika, lakini liko nje ya muji, na ukienda bila gari yako siku yote itaishia njiani. Na soko kubwa, nenda peke yako wakati mutoto iko kwa ndugu. Mutoto akishikwa mukono katikati ya watu wengi haoni kitu, anaona migongo tu.

Sasa makuta. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 120, na kurudi ni zilezile. Makuta ya kurudi uyatoe kwanza, uyafunge kwenye kitambaa, uyaweke mbali na mengine. Kisha yale ya dharura, kwa sababu mutoto anaweza kupata homa usiku. Yanayobakia ndiyo ya kutembea. Mupigie simu ndugu aliye kule akuulizie bei na saa za kufungua, maana hayo yanabadilika, na fasi nyingine inafungwa siku moja kwa juma. Mutoto akifika mbele ya mulango uliofungwa, ni wewe atakayekulilia.

Chakula ukitoe kwa ndugu: bukari mapema jioni, na asubuhi ubebe mikate, karanga, ndizi na maji ya kutosha. Ukianza kununua njiani, soda na biskuti zitakula makuta kuliko zoo yenyewe. Kitu kimoja kidogo cha kununua umuahidi tangu nyumbani, na uheshimu ahadi. Kimoja, si viwili.

Tena: triko ya asubuhi, kwa sababu baridi haijaisha, na kofia ya muchana. Viatu vya zamani, si vipya. Kadi yako ya uchaguzi na karatasi ya kuzaliwa ya mutoto. Na katika mufuko wake weka karatasi yenye namba ya simu yako, umufundishe hivi: ukinipoteza, simama hapo hapo, usitembee, ita mama mwenye watoto.

Neno la mwisho ni lako, mama, si la mutoto. Hauwezi kulipa kwa siku mbili miezi yote ambayo baba hakuwa nyumbani. Usijaribu. Mutoto hakuombi hilo. Anataka saa chache ambapo mama yake hana beseni kichwani, hana simu mukononi, hamuambii “fanya mbio.” Akichoka, keti naye chini. Watu wakiangalia, waache waangalie.

Ukirudi, utuelezee kwenye likelemba alichagua nini kwanza, nyama ao vitu vya wazee. Na wamama wengine ambao walikwenda Kolwezi ao Kalemie na watoto katika vakansi hii, leteni habari zenu. Juma lijalo tutazungumuza juu ya sare za masomo: namna ya kushona upya ya mwaka jana mbele ya kununua mupya.

Mubakie na amani.