Tufunze Maana ya Kimo Kabla ya Fomula

Muulize mwanafunzi wa sekondari jinsi ya kuhesabu nishati ya jiwe lililoinuliwa, naye atakujibu papo hapo: m mara g mara h. Muulize basi kwa nini fomula hiyo haitaji njia lililopitishwa jiwe hilo, na aghalabu atanyamaza. Naonelea kuwa kimya hicho ni dalili ya ugonjwa mkubwa katika ufundishaji wa fizikia, na dawa yake imo mikononi mwetu sisi walimu.

Natuchukue mfano wa makuli wanaopakia lori. Gunia la mahindi la kilo 90 huvutwa na dunia kwa nguvu ya takriban niutoni 900. Makuli wakiliinua wima hadi kwenye sakafu ya lori, mita 1 kutoka ardhini, watakuwa wamefanya kazi ya jouli 900. Wakiegemeza ubao laini wa mita 3 na kulisukuma gunia juu yake, watahitaji niutoni 300 tu, ila watasukuma kwa mita 3. Ubao ukiwa wa mita 6, nguvu itapungua hadi niutoni 150. Zidisha upendavyo, jawabu ni 900. Ubao umewapunguzia nguvu, wala haukuwapunguzia kazi.

Sababu yake ni nyepesi. Mvutano wa dunia huelekea chini tu. Hatua ya kwenda kando haiuhusu. Hatua ya kupanda huigharimia, na hatua ya kushuka hurejeshewa gharama hiyo. Njia yoyote ile, hata ijipinde kama barabara ya milimani, ni mkusanyiko wa hatua hizo, na kinachobakia mwishoni ni tofauti ya vimo viwili. Ndiposa tunaweza kusema kuwa gunia lililo juu ya lori lina akiba. Mvutano ni mtunza amana mwaminifu: ulichomkabidhi ukipanda, hukurudishia chote ukishuka. Nguvu za tabia hiyo tunaweza kuziita nguvu hifadhi.

Msuguano hauna uaminifu huo. Uendako hukupinga, urudipo hukupinga vilevile, na safari ikirefuka ushuru wake huongezeka. Nishati uliyoutoza huwa joto katika ubao na gunia. Haikutoweka, lakini hairudi mkononi mwako kwa kushuka tu. Ubao wa makuli ukiwa na makwaruzo, watafanya kazi inayozidi jouli 900, na bado ni 900 pekee zitakazokaa akibani. Kwa hiyo hatuwezi kuuandikia msuguano fomula ya akiba inayotegemea mahali kitu kilipo, maana bila kuijua njia yote hesabu yake haipatikani.

Hapa mwanafunzi mwerevu atapinga: "Mwalimu, nikibeba gunia kwenye uwanja tambarare sipandi popote, mbona nachoka?" Ole wake mwalimu anayemnyamazisha! Swali hilo ni la haki na lina jibu. Misuli hutumia nishati ya chakula ili kujikaza, hata pale isipoinua chochote, na nishati hiyo huishia kuwa joto mwilini. Uchovu ni hesabu ya mwili, na kazi inayofanywa dhidi ya mvutano ni hesabu nyingine. Mtoto asiyeelezwa hivyo hujifunza kuwa fizikia haihusiani na dunia anamoishi, na mara apatapo ruhusa ya kuchagua masomo, huliacha.

Ilhali dunia anamoishi imejaa fizikia hiyo. Maji yale yale ya Mto Tana hupitia Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila kituo hutumia sehemu yake ya mteremko. Kindaruma kilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, Kiambere mwaka wa 1988. Kila tani ya maji inayoshuka mita 100 huachilia takriban jouli milioni 1, bomba liwe limenyooka au limepinda. Urefu na kona za bomba huongeza msuguano tu. Isitoshe, mhandisi hana haja ya kupima kimo kutoka Bahari Hindi. Humtosha tofauti kati ya maji ya bwawani na yale yatokayo chini ya mitambo. Mwanafunzi naye aambiwe kuwa yu huru kuweka sifuri yake sakafuni, mezani au baharini, mradi asiihamishe katikati ya hesabu.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji maabara ya fahari. Tofali, ubao, kamba na mizani ya kuning'iniza vyatosha. Wanafunzi walivute tofali polepole juu ya ubao, kwanza kwa mteremko mkali, kisha kwa mteremko wa polepole, hadi kimo kile kile. Wazidishe nguvu kwa urefu wa njia, walinganishe na uzito mara kimo, kisha waulizwe ziada imekwenda wapi. Watakaolijibu swali hilo kwa maneno yao wenyewe ndio wapewe fomula. Na watungaji wa mitihani nao waulize sababu, kwa maana kisichotahiniwa huachwa kufundishwa.