Harufu ya wali haikai kwenye udongo peke yake



Kuna maneno yanayorudi kila mtu akiweka picha ya wali na samaki hapa kwenye kundi. Yanakuja hivi: "Huo si wali. Wali ni ule wa kwetu, wa maji ya Juba, ukipikwa Kismayu jirani wa tatu anajua." Tunacheka, tunaweka vimoyo, mambo yanaisha. Leo nataka tusiishie hapo. Nasema hivi: harufu ya mchele ina mahali inapokaa, mahali hapo pamejulikana tangu 2005, na sisi wa pwani ya Kismayu na visiwa vya Chula, Chovai na Koyama tutapata hasara tukiwaachia wengine elimu hiyo.

Tuanze na harufu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, Ron Buttery na wenzake, waliipima hewa inayotoka kwenye mchele unaonukia wakaipata kemikali inayobeba harufu ile, inaitwa 2-asetili-1-pirolini. Ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye bisi na kwenye ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Pua ya binadamu inaisikia hata ikiwa ni sehemu moja katika maji sehemu bilioni kumi. Kwa hiyo jirani wa tatu kujua si chumvi ya wazee, ni kweli kabisa.

Sasa inatoka wapi? Mpunga una kromosomu 12, na kwenye ile ya 8 kuna jeni iitwayo BADH2. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza kitu fulani ndani ya mmea kuwa kitu kingine. Mwaka 2005 Louis Bradbury na wenzake huko Australia walionyesha kwamba kwenye mpunga unaonukia jeni hiyo imekatika: herufi nane za DNA hazipo. Kimeng'enya hakitengenezwi sawasawa, kile kilichotakiwa kugeuzwa kinabaki kingi, na mmea unakielekeza njia nyingine, kinakuwa harufu. Yaani kitu tunachokisifu kote duniani kimetokana na hitilafu. Hitilafu hiyo hiyo iko kwenye Basmati ya Punjab na kwenye mchele wa jasmini wa Thailand.

Wanaosema "ni maji ya Juba" hawajakosa chote. Udongo, joto, ukame kidogo au chumvi kiasi wakati punje zinajaa, namna ya kukausha na muda wa kuweka ghalani, vyote vinaongeza au kupunguza harufu. Lakini mpunga usio na hitilafu ile hautanukia vile hata uumwagilie maji ya Juba miaka mia. Udongo unaongeza sauti tu, wimbo wenyewe uko ndani ya mbegu.

Na hapa ndipo mambo ya alama yanapoingia. Harufu ni sifa iliyofichika. Mmea lazima uirithi kwa baba na kwa mama pia. Ukichanganya mpunga unaonukia na usionukia, kizazi cha kwanza hakinukii, ingawa kila mche umebeba nusu ya siri. Zamani mtafiti alitafuna punje, au alitia majani kwenye dawa ya potasiamu akanusa. Akinusa mia pua imechoka, na ile mimea iliyobeba nusu haiwezi kumjua kabisa. Kwa alama za vinasaba anachukua kipande cha jani la mche mdogo, anapima pale pale kwenye zile herufi nane, anajua: huyu ana mbili, huyu ana moja, huyu hana. Haina haja kungoja mavuno.

Kuna watu wakisikia "jeni" wanaruka, wanasema ati ni vyakula vya maabara. Hapana. Kazi ya alama ni kusoma tu, haiingizi kitu. Kuchanganya kwenyewe ni kwa chavua ya mpunga juu ya mpunga, kazi wanayoifanya hata nyuki na upepo kwa mimea mingine. Tofauti ni kwamba unachagua ukiwa na macho.

Kwa nini haya yatuhusu? Kwa sababu mpunga unaonukia kwa kawaida ni dhaifu. Unaanguka, unaugua, unazaa kidogo. Wakulima wa Tanzania wanalijua hili vizuri. Supa inanukia na inauzwa bei nzuri, lakini wengi wakahamia TXD 306, ile inayoitwa SARO 5, kwa sababu inazaa zaidi, na jina lenyewe la SARO limetokana na kunukia nusu. Miaka mingi mkulima wa Afrika Mashariki ameambiwa achague: tumbo au pua.

Alama zinasema si lazima kuchagua. India mwaka 2007 ilitoa Pusa Basmati 1 iliyoboreshwa, imewekewa jeni mbili za kuzuia ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, na harufu ikabaki. Moja ya jeni hizo, Xa21, asili yake ni mpunga mwitu wa Afrika, sampuli iliyotoka Mali. Magugu ya kwetu Afrika yameokoa wali wa harusi za Delhi! Mwaka 2017 watafiti wa India wakaripoti jambo linalotugusa zaidi: wameiingiza kwenye Pusa Basmati 1121 sehemu ya kromosomu ya 1 inayoitwa Saltol, inayousaidia mche mchanga kuvumilia chumvi. Asili ya Saltol ni Pokkali, mpunga wa mabwawa ya maji ya chumvi ya Kerala, ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Na ule ugonjwa wa virusi wa majani ya manjano, uliogunduliwa Kenya mwaka 1966, una jeni ya kuuzuia kutoka Gigante, mpunga wa Msumbiji.

Mtu anayejua Juba ya Chini atanielewa mara moja. Harufu, uvumilivu wa chumvi, kinga ya virusi. Karibu na mdomo wa mto bahari inapanda, maji yanachachuka. Mpunga ulishawahi kuwa na mipango mikubwa huko juu: Fanoole, iliyosaidiwa na China, na Mogambo karibu na Jamaame miaka ya 1980. Vita vya 1991 vikavunja. Watu wetu wakaingia majahazini wakaja kambi za Mombasa, Jomvu na kwingineko. Wakulima wa Gosha, majirani zetu, wengine wao wanaongea Kizigua mpaka leo, wakatawanyika hadi Dadaab na hadi Marekani. Mbegu iliyoachwa ghalani inaliwa au inakufa. Mbegu haijui kungoja.

Kwa hiyo swali langu ni hili: siku bonde lile litakapopandwa mpunga tena kwa ukubwa, nani ataamua upandwe upi? Mimi naona atakayeamua ni mtu wa mradi mwenye orodha ya mavuno kwa hekta. Orodha hiyo haina safu ya harufu. Hatakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyemwambia kwamba watu hawa, tangu Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331 akakaribishwa wali wa samli, chakula chao cha heshima ni wali. Mpunga usiopendwa na mpishi utauzwa rahisi, mkulima atavunjika moyo, na meli za Basmati zitaendelea kushusha magunia.

Mtu ataniambia: "Wewe, sisi ni wavuvi, mpunga ni wa Wagosha." Sawa. Lakini samaki wetu anakaa juu ya nini kwenye sinia? Soko la mkulima wa Juba ni jiko la mpwani. Mwingine ataniambia: "Ardhi yenyewe na visiwa vyenyewe havijarudi mikononi mwa wenyewe, wewe unaleta habari za kromosomu." Hili ni zito na silipingi. Mbegu nzuri haitatatua dhulma ya ardhi. Ila ardhi ikirudi bila mbegu wala ujuzi, tutakuwa wenye shamba tunaoomba mbegu.

Na mifano ya waliojipanga ipo. Vita vya Syria vilipowafukuza watafiti wa ICARDA kutoka Aleppo, walikuwa wameshaweka nakala za mbegu zao kule Svalbard, Norwe. Mwaka 2015 wakaanza kuzichukua, wakazipanda upya Lebanon na Moroko. Kampuni ya Marekani RiceTec ilipopewa hataza ya mpunga wa aina ya Basmati mwaka 1997, India ikapinga, na kufikia 2001 madai mengi yalikuwa yameondolewa au kufutwa. India ilishika kwa sababu ilikuwa na maandishi na wanasayansi wake. Sisi tuna kumbukumbu za wazee, ambazo hazijaandikwa popote, na kila mwaka tunazika nyingine.

Tusidanganyane pia kwamba mbegu lazima izaliwe kwetu ndipo iwe yetu. Pishori ya Mwea ni Basmati 370, iliyotolewa Punjab mwaka 1933. Leo Mkenya anaapa kwamba haipo duniani ila Mwea. Mbegu ni mgeni anayekuwa mwenyeji akilimwa na kupendwa. Sisi tulioitwa wageni kila tulipofika tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengi.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, tuandike. Kila mmoja amuulize mama, bibi au mzee aliye karibu: mlikula mpunga gani, jina lake nini, ulitoka wapi, ulinukia au haukunukia, ulipikwaje. La pili, wale mnaomaliza kidato cha nne na kuomba nafasi za masomo, msikimbilie wote biashara na kompyuta. Wawili watatu wachukue kilimo na baiolojia. Vituo viko hapa hapa: KALRO Mwea, na Kizimbani kule Unguja. Ghala la IRRI Ufilipino lina aina zaidi ya 130,000 za mpunga. Tunahitaji mtu wetu anayejua kuomba na kuuliza. La tatu, kila mkutano wa mashirika kuhusu kurudi nyumbani ambao kijana wetu ataingia, aulize kwa sauti: mbegu mtakayogawa inanukia? Inavumilia chumvi? Mpishi ameulizwa?

Tuanze na la kwanza leo. Andikeni hapa chini jina la mpunga au mchele ambao wazee wenu wanaukumbuka, na ulilimwa wapi. Hata kama ni jina tu. Nitayakusanya yote kwenye daftari moja, na yeyote anayetaka nakala nitamtumia.