Chombo cha Kazi ya Wengi: Kichaguliwe kwa Vigezo Gani?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa zaidi katika mambo ya biashara na mirathi, lakini inaihusu pia kazi yoyote inayoandikwa na watu wengi kwa pamoja. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wanachuo jinsi waandishi wa programu za kompyuta wanavyolichagua daftari la kazi yao, kisha tutoe maoni yetu juu ya kigezo kinachopaswa kutangulia vingine vyote. Jambo hili si geni kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu kijana, hata akiwa mgeni shuleni, ndiye anayeulizwa na wenzake ni programu ipi itumike kutunzia maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. Jibu lake laweza kuwafunga wenzake kwa miaka mingi.

Hebu tuanze na tatizo lenyewe. Tuseme walimu wanne wanaandika azimio moja la kazi la Hisabati, Darasa la Tano. Kila mmoja anachukua nakala yake na kuirekebisha nyumbani. Siku ya Jumatatu yanaletwa maazimio manne. Nani aliyeihamisha mada ya sehemu kutoka juma la tatu hadi la sita? Kwa sababu gani? Na nakala ipi ifuatwe? Ikiwa watu wanne wanapata taabu hiyo, watu elfu moja watakuwaje?

Hiyo ndiyo hali ya wale wanaoandika programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Waandishi wake wametawanyika katika nchi nyingi, na wengi wao hawajapata kuonana. Kwa hiyo hawana budi kuwa na mfumo wa kutunza matoleo. Mfumo huo ni programu inayohifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo ya sababu. Aidha, humwezesha mtu kurudi kwenye toleo la zamani, na huunganisha kazi za watu wawili waliokuwa wakiandika kwa wakati mmoja.

Mifumo hiyo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huweka historia yote ya kazi mahali pamoja, katika kompyuta moja kuu. Mifano yake ni CVS na Subversion. Anayetaka kuingiza badiliko lake lazima awe ameunganishwa na kompyuta hiyo, na awe amepewa ruhusa ya kuandika. Namna ya pili humpa kila mshiriki nakala kamili ya historia yote. Mifano yake ni Mercurial, Bazaar na Git. Mshiriki huweza kufanya kazi na kuiwekea kumbukumbu hata mahali pasipo na mtandao, kisha akaiunganisha na ya wenzake baadaye. Hata mgeni asiye na ruhusa yoyote huweza kutunza kumbukumbu za kazi yake mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Sasa tuangalie jinsi kundi moja mashuhuri lilivyochagua. Programu ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa miaka mingi alipokea marekebisho ya wenzake kwa barua pepe na kuyaingiza bila mfumo wa namna tunayoieleza. Kazi ilipozidi, mwaka 2002 alianza kutumia mfumo uitwao BitKeeper, mali ya kampuni ya BitMover. Mfumo huo ulikuwa wa namna ile ya pili, na ulifanya kazi vizuri. Lakini haukuwa huria. Waandishi wa programu huria waliruhusiwa kuutumia bila malipo kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba mtumiaji asishiriki kutengeneza mfumo wa kushindana nao. Baadhi ya wenzake Torvalds walinung'unika tangu mwanzo. Yeye aliona kwamba chombo bora ndicho kinachofaa kazi.

Mnamo Aprili 2005 ruhusa hiyo ya bure iliondolewa, baada ya mzozo juu ya programu iliyotungwa na Andrew Tridgell ili kuwasiliana na BitKeeper. Torvalds hakuridhika na mifumo huria iliyokuwapo, kwani aliiona kuwa haina kasi ya kutosha kwa kazi kubwa kama ile. Akaanza kuandika wake mwenyewe tarehe 3 Aprili, na baada ya siku chache tu mfumo huo mpya, Git, ulikuwa ukitunza maandishi yake wenyewe. Mwezi huohuo Matt Mackall naye alianza Mercurial kwa sababu ileile. Kufikia Juni 2005 toleo la Linux lenye nambari 2.6.12 lilikuwa limetolewa kwa kutumia Git.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hiyo iliishia kwa heri, na kwamba BitKeeper iliwasaidia kwa miaka mitatu. Ni kweli iliwasaidia, tena ilimfundisha Torvalds jinsi kazi ya wengi inavyoweza kugawanywa. Hata hivyo, tusisahau kwamba si kila kundi lina mtu awezaye kutengeneza chombo kipya katika siku chache. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa maoni yetu, swali la kwanza katika kuchagua chombo cha kazi ya pamoja ni hili: siku mwenye chombo atakapokitaka, sisi tutabaki na nini mkononi? Wingi wa sifa za chombo, na wepesi wake, ni maswali ya baadaye.

Mfano wa pili unatufundisha utaratibu wa kuchagua. Waandishi wa lugha ya kompyuta iitwayo Python walikuwa wakitumia Subversion. Baadhi yao waliona kwamba mfumo huo unawabana washiriki wasio na ruhusa ya kuandika. Basi wakatunga waraka wenye nambari 374, ambao ulipanga kazi halisi zinazofanywa kila mara: kuanza kutumia mfumo, kufuta badiliko lenye makosa, kupokea marekebisho ya mtu wa nje, kuandaa toleo jipya. Kila kazi ikaelezwa jinsi inavyofanywa katika Subversion, Bazaar, Mercurial na Git. Washiriki pia waliulizwa maoni yao. Git iliondolewa katika shindano kwa sababu wakati huo haikufanya kazi vizuri katika kompyuta za Windows, na kwa sababu washiriki kadhaa hawakuipenda. Machi 2009 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, alitangaza kwamba Mercurial imechaguliwa, na sababu zikaandikwa. Uhamiaji wenyewe ulikamilika mwaka 2011.

Miaka ilipita, hali ikabadilika. Mwaka 2017 kundi hilohilo lilihamia Git, na kazi yao ikawekwa katika GitHub, ghala la kampuni ambalo wageni wengi walikuwa wamekwisha kulizoea. Je, uamuzi wa mwaka 2009 ulikuwa wa bure? La. Ulifaa hali ya wakati wake. Tena kwa kuwa mfumo waliouchagua ulikuwa huria, na kila mshiriki alikuwa na historia yote, waliweza kuondoka nayo. Lakini hapa pana tahadhari. Git ni programu huria. GitHub ni mali ya kampuni, ambayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018. Historia ya maandishi iko kwa kila mshiriki. Majadiliano na orodha za makosa yanayosubiri kurekebishwa ziko ghalani, na hazimo katika nakala hizo.

Kutokana na mifano hiyo miwili, tunawashauri wanachuo wafuate utaratibu huu shuleni. Kwanza, waulize umiliki: chombo ni cha nani, kwa masharti gani, na je, twaweza kuondoka na kazi yetu yote katika hali inayosomeka kwingine? Pili, wamtazame mwenzao mwenye uwezo mdogo kuliko wote, yule mwenye simu tu, au aliye mahali ambapo mtandao hukatika. Chombo kinachomwacha nje mtu huyo si cha kazi ya pamoja. Tatu, waorodheshe kazi wanazozifanya kila juma na kukijaribu chombo kwa kazi hizo, wasitosheke na sifa zilizoandikwa na mwuzaji. Nne, waandike uamuzi na sababu zake katika kumbukumbu za kikao, ili watakaokuja nyuma yao wajue lini sababu hizo zimekwisha nguvu.

Haitakuwa lazima shule itumie Git. Walimu wanne waweza kutosheka na daftari la karatasi lenye safu ya tarehe, jina, badiliko na sababu, likikaa ofisini palipo wazi kwa wote. Daftari hilo lina masharti machache, na mwenyewe ni shule. Lakini pale programu itakapoletwa, iwe kwa zawadi au kwa bei, mwalimu asiwe mwepesi wa kushukuru kabla hajasoma masharti. Maandalio ya masomo ni jasho la walimu wa shule nzima, na aliyechagua ghala ndiye atakayeulizwa siku mlango utakapofungwa.