Ubongo wa Mtoto Haungoji Kengele ya Shule

Kila unapofika wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, wananchi huulizana swali lile lile: kwa nini watoto wengine hushika masomo upesi na wengine hutaabika? Lawama huwaangukia walimu, uhaba wa vitabu na wingi wa watoto darasani. Mambo hayo yana uzito wake na hatukusudii kuyapuuza. Lakini yafaa ifahamike kwamba siku mtoto anapoketi kwenye dawati kwa mara ya kwanza, sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo wake imekwisha kufanyika. Imefanyika nyumbani, na kabla ya hapo imefanyika tumboni mwa mama.

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake huwa kiasi cha robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Anapofika miaka miwili huwa umekaribia robo tatu na zaidi, na kwenye miaka mitano umefikia kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Ukuaji huo hautokani hasa na kuongezeka kwa chembe za fahamu, kwa maana nyingi ya chembe hizo mtoto huzaliwa nazo. Kinachoongezeka ni miunganisho baina ya chembe moja na nyingine. Wataalamu wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo miunganisho mipya zaidi ya 1,000,000 hufanyika kila sekunde.

Miunganisho hiyo ni kama njia za miguu porini. Ile inayopitwa kila siku hupanuka na kuimarika, na ile isiyopitwa huota majani ikapotea. Mtoto akisemeshwa, akijibiwa anapolia, akiimbiwa na kuchezeshwa, njia za lugha, za kuona na za utulivu wa moyo hupitwa tena na tena. Mwaka 1979 daktari Peter Huttenlocher wa Chicago, Marekani, alionyesha kwamba mtoto mdogo ana miunganisho mingi kuliko mtu mzima, na kwamba ile ya ziada hupunguzwa kadiri anavyokua. Kwa hiyo matumizi ndiyo yanayosaidia kuamua ipi ibaki na ipi iondoke.

Wapo wanaodhani kwamba mtoto mchanga akishiba na kuoga, basi mahitaji yake yamekwisha. Yaliyotokea Romania yanatufundisha vingine. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke, na maelfu ya watoto wakaishia katika makao ya Serikali. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona watoto ambao wengi wao walilishwa na kufuliwa nguo, lakini hawakuwa na mtu wa kuwapakata wala kuzungumza nao. Tangu mwaka 2000 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya mjini Bucharest, na nusu yao wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki, na katika mambo kadhaa waliofaidika zaidi ni wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Hata hivyo, maneno matamu peke yake hayajengi ubongo. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa rovu ulikuwa jambo la kawaida katika wilaya nyingi za nyanda za juu za Tanzania, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka ardhini. Uvimbe wa shingo ndio ulioonekana kwa macho, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa ile isiyoonekana. Bila madini joto, mwili hauwezi kutengeneza kichocheo kinachoziongoza chembe za ubongo wa mtoto kufika mahali pake na kuungana. Tena katika miezi ya mwanzo ya mimba mtoto hutegemea kabisa kichocheo cha mama yake. Ndiyo sababu Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika kuanzia mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 ikaagiza chumvi itiwe madini hayo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba bado ipo chumvi inayouzwa magengeni bila madini joto. Wengine hudhani kwamba chumvi ya bahari haihitaji kuongezwa kitu. Hilo si kweli, kwani chumvi ya kuanika juani hubaki na madini joto kidogo mno. Kiasi anachohitaji mtu kwa maisha yake yote hakijazi kijiko cha chai. Ni aibu kwa taifa kupoteza akili za watoto wake kwa kukosa kitu kidogo namna hiyo.

Hatusemi kwamba mtoto aliyekosa haya hana tena tumaini. Ubongo huendelea kujifunza maisha yote, na mwalimu mwema huokoa wengi. Lakini kurekebisha baadaye ni kazi ngumu zaidi na ya gharama kubwa zaidi kuliko kujenga vizuri tangu mwanzo. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, wengi wetu tulielewa fimbo. Kumbe ubichi wenyewe huanza mapema kuliko tulivyodhani, na kinachokunja ni malezi.

Mwaka 2021 Serikali ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Programu njema haifai kitu ikibaki katika makabati ya ofisi. Tunatoa wito kwa maofisa wa afya kukagua chumvi sokoni na kuwasaidia wazalishaji wadogo kuitia madini joto, badala ya kungoja wakosee ndipo wawatoze faini. Halmashauri nazo zivitembelee vituo vya kulelea watoto na kuhakikisha kwamba watoto hawafungiwi chumbani kimya mchana kutwa. Kina mama wajawazito wahudhurie kliniki mapema, na waume zao wawasindikize.

Kwa kina baba tuna neno la pekee. Kuzungumza na mtoto mchanga si kazi ya mama na bibi peke yao, wala hakumpunguzii mwanamume heshima. Ni kazi isiyohitaji fedha wala kibali, na inaweza kuanza leo jioni.